SPF 50 Inayogeuka 15 Mkononi Mwako

Juzi niliazima mizani ndogo, ile ya kupimia vito, nikapima tyubu yangu ya losheni ya jua kabla ya kujipaka usoni na baada ya kujipaka. Nilijipaka kama nijipakavyo kila asubuhi: tone la ukubwa wa punje ya harage kwenye kiganja, nikasugua, nikapakaza, nikajihesabu nimemaliza. Mizani ikaniambia nimetumia gramu 0.4. Tyubu imeandikwa SPF 50, namba ya kinga dhidi ya jua. Nilichokuwa nacho usoni, kwa hesabu ya haraka, hakikufika hata 17.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maabara zinazopima losheni hizi hupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima, pamoja na masikio na shingo ya mbele, ni kama sentimita za mraba 600. Uso huo basi unadai miligramu 1,200, yaani gramu 1.2, nami nilikuwa nimeupa theluthi. Siko peke yangu. Watafiti waliopima matumizi ya watu wa kawaida wamekuta wengi wanapaka kati ya robo na nusu ya kiasi cha maabara. Ukipaka theluthi, kinga nayo hushuka walau hadi theluthi, na vipimo vingine vimeonyesha ikishuka zaidi, maana tabaka jembamba halitandi sawasawa. Ngozi ina vilima na mabonde, na losheni ikiwa chache hujaa mabondeni, vilima vikabaki uchi.

Nimeanza na mizani kwa makusudi. Mabishano mengi kuhusu losheni ya jua ni ya viambato: ipi ina kemikali, ipi ni ya asili, ipi inaingia kwenye damu. Ni maswali halali na nitayafikia. Ila anayebishana juu ya viambato huku anajipaka tone la harage anachagua rangi ya mlango ilhali nyumba haijaezekwa.

Namba ile inapima nini hasa

SPF ilienezwa na mkemia wa Austria, Franz Greiter, na Marekani ikaikubali kama kipimo rasmi mwaka 1978. Jaribio lake ni rahisi kulielewa. Mtu aliyejitolea hupakwa losheni kwenye kipande cha mgongo, kipande kingine huachwa kitupu, kisha taa inayoiga jua huvimulika vyote viwili kwa dozi zinazopanda hatua kwa hatua. Kesho yake mpimaji huangalia ngozi imeanza kuwa nyekundu kwenye dozi ipi. Ikiwa kipande kilichopakwa kilihitaji mwanga mara 30 ya ule uliowekundisha kipande kitupu, losheni hiyo ni SPF 30.

Kinachopimwa hapo ni dozi ya mwanga. Muda haumo. Kwa hiyo ile hesabu maarufu, kwamba kama jua hukuunguza kwa dakika 10 basi SPF 30 itakupa dakika 300 za raha, haisimami. Jua la saa mbili asubuhi si jua la utosi. Isitoshe, losheni haikai pale ulipoipaka: inatoka na jasho, inafutwa na taulo, inahamia kwenye kola ya shati.

Kuna hesabu nyingine hupenda kurudiwa na watu wanaojiona wajanja: SPF 30 huzuia asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 huzuia 98, kwa hiyo tofauti ni asilimia moja, usipoteze fedha. Namba ni sahihi, hitimisho halifai. Igeuze hesabu. Kinachoidhuru ngozi ni kile kilichopita, na kupitia SPF 30 hupita sehemu moja kati ya 30, yaani asilimia 3.3. Kupitia SPF 50 hupita asilimia 2. Hiyo ni pungufu kwa mbili ya tano. Kwa mtu anayekaa juani siku nzima, hilo si jambo dogo. Mimi huchagua 50 kwa sababu ya uvivu zaidi: najua nitapunja, na namba kubwa inaniachia pa kupunja.

Miale miwili, kipimo kimoja

Mwanga wa urujuanimno (UV), ule wa jua usioonekana kwa macho, unaotufikia ardhini ni wa aina mbili. UVB ina mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, na UVA ni 315 hadi 400. (UVC ipo pia, lakini tabaka la ozoni huimaliza huko huko juu.) UVB ndiyo inayobabua. Hupiga tabaka la juu la ngozi na kuharibu vinasaba vya seli moja kwa moja. UVA haina kelele. Huzama hadi tabaka la chini, ambako kuna kolajeni, protini inayoishikilia ngozi isilegee, na kuikata protini hiyo kidogo kidogo. Huchochea madoa, huleta makunyanzi, nayo pia ina mkono wake katika saratani. Ndiyo iliyo nyingi: takribani asilimia 95 ya miale ya urujuanimno inayofika ardhini ni UVA. Mawingu mepesi hayaizuii sana. Kioo cha kawaida cha dirisha, kinachozuia karibu UVB yote, huiachia sehemu kubwa ipite.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mzee wa umri wake. Upande wa kushoto, uliokuwa dirishani, umenenepa, umejaa mifereji na vifundo, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemtangulia kuzaliwa. Ni madhara ambayo SPF isingeyapima.

Na hapo ndipo kasoro ya namba ile. SPF hupima wekundu, na wekundu kwa sehemu kubwa ni kazi ya UVB. Losheni yaweza kuandikwa 50 kwa haki kabisa huku mlango wa UVA uko nusu wazi. Ndiyo maana mbele ya chupa kuna alama ya pili unayopaswa kuitafuta. Katika Umoja wa Ulaya ni herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA ni walau theluthi ya SPF. Japani tangu mwaka 1996 hutumia herufi PA zikifuatwa na alama za kujumlisha, na siku hizi zinafika nne. Marekani huandika maneno yenye maana ya wigo mpana. Chupa isiyo na dalili yoyote kati ya hizo irudishe rafuni, hata kama namba yake ni 100.

Ndani ya chupa

Viambato vinavyofanya kazi huitwa vichujio, na huwekwa katika makundi mawili. Kuna vya madini, ambavyo ni viwili tu: zinki oksidi na titani dioksidi. Kuna vya kikaboni, ambavyo matangazo huviita "vya kemikali", kana kwamba zinki oksidi ilichumwa mtini.

Maelezo utakayoyakuta kila mahali ni kwamba vya madini hukaa juu ya ngozi na kurudisha miale kama kioo, ilhali vya kikaboni huifyonza na kuigeuza joto. Nusu ya kwanza si kweli. Zinki oksidi na titani dioksidi nazo hufyonza sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Miale hiyo zinayoirudisha ni karibu asilimia 5 tu. Zinachokirudisha kwa wingi ni mwanga tunaouona, na ndiyo sababu uso huwa kama umepakwa chokaa. Kwa hiyo hofu kwamba losheni "ya kemikali" itaipasha ngozi moto nayo inaanguka: makundi yote mawili hugeuza miale kuwa joto, na joto lenyewe ni dogo mno mbele ya lile la jua unalolihisi mgongoni.

Tofauti zilizo za maana ziko kwingine. Titani dioksidi ni hodari kwa UVB na kwa UVA fupi, lakini huchoka kwenye mawimbi marefu. Zinki oksidi hufika mbali zaidi upande wa UVA. Vyote viwili havivunjwi ovyo na jua na huwasumbua wachache wenye ngozi nyepesi kuwasha. Ili kupunguza ule weupe, watengenezaji huzisaga chembe hadi chini ya nanomita 100. Kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, chembe hizo zimeonekana kubakia kwenye seli zilizokufa za juu. Kwenye mapafu ni habari nyingine, na ndiyo maana mimi sipendi losheni ya kupuliza yenye madini. Ukilazimika kuitumia, pulizia kiganjani halafu upake.

Upande wa kikaboni, jina la kulijua ni avobenzoni. Ni kichujio cha UVA chenye nguvu, kileleni kwake ni kwenye nanomita kama 357, lakini ni mlinzi hodari anayesinzia kazini: jua lenyewe humvunja. Akiwekwa na oktokrileni, kichujio kingine, hudumu. Akiwekwa na oktinoksati, kichujio cha UVB kinachopatikana kirahisi, huvunjika upesi zaidi. Kwa hiyo orodha ya viambato isisomwe neno moja moja. Kinachofanya kazi ni mchanganyiko. Kizazi kipya, mfano bemotrizinoli, hufunika UVA na UVB pamoja, hakisinzii, na molekuli zake ni kubwa kiasi kwamba hazipenyi ngozi kwa urahisi. Imetumika Ulaya, Asia na Australia kwa miaka mingi. Marekani ilibaki nyuma kwa sababu ya kisheria: kule losheni ya jua ni dawa na kila kichujio kipya hupitia mlango wa dawa, ilhali Ulaya inaihesabu kuwa kipodozi.

Sasa damu. Mwaka 2019, watafiti wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani waliwapaka watu 24 losheni kwenye asilimia 75 ya mwili, mara nne kwa siku, siku nne mfululizo. Vichujio vinne vya kikaboni, yaani avobenzoni, oksibenzoni, oktokrileni na ekamsuli, vilionekana kwenye damu kwa kiwango kinachozidi nanogramu 0.5 kwa mililita. Kiwango hicho si mstari wa sumu. Ni mstari ambao ukivukwa, mamlaka hiyo hutaka uchunguzi zaidi wa usalama. Mwaka huo huo mamlaka ilipendekeza kwamba zinki oksidi na titani dioksidi zihesabiwe salama bila maswali, na kwamba vichujio vingine 12 vinahitaji takwimu zaidi, huku ikiwaambia watu waendelee kutumia losheni. Katika kundi hilo kinacholalamikiwa zaidi ni oksibenzoni: hupenya kuliko wenzake na huleta mzio kwa baadhi ya watu. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliishusha hadi asilimia 2.2 katika losheni za mwili.

Msimamo wangu? Chupa zisizo na oksibenzoni ni nyingi, kwa hiyo siinunui. Avobenzoni ninaitumia bila wasiwasi. Anayekosa usingizi kwa habari hizi achukue zinki oksidi, mjadala uishie hapo.

Kuna na habari ya matumbawe. Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa sheria ya 2018 iliyoanza kazi Januari 2021, na Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilitangulia mwaka 2020. Majaribio ya maabara yameonyesha madhara, ingawa mengi yalitumia viwango vinavyozidi vya baharini, na kinachoyaua matumbawe kwa wingi ni bahari kupata joto. Unayeingia majini, shati la kuogelea la mikono mirefu huondoa haja ya nusu ya losheni.

Ngozi nyeusi na madai mawili yanayopingana

Mmoja atakuambia ngozi nyeusi haihitaji losheni. Mwingine atakuambia inaihitaji sawa na ngozi nyeupe. Wote wawili wanakosea.

Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli. Utafiti mmoja wa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hutoa kinga ya kama SPF 13, na la ngozi nyeupe kama 3. Ndiyo maana saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache mno kwa watu weusi. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, huletwa kama mfano wa kupinga hilo, lakini melanoma yake, aina ya saratani ya ngozi, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Aina hiyo hutokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambako jua halihusiki, na losheni isingemsaidia kitu. Kinachosaidia hapo ni kuzikagua nyayo na kucha, na kumwonyesha daktari doa jipya au mstari mweusi wa kucha unaopanuka.

Kinachomsumbua mwenye ngozi nyeusi ni madoa: mabaka ya melasma mashavuni, alama za chunusi zinazokataa kufutika. Mchochezi wake mmoja ni mwanga wa kawaida tunaouona, hasa wa bluu, ambao vichujio vingi havina habari nao. Mwanga huo huzuiwa na kitu kimoja rahisi, oksidi za chuma, yaani ile rangi ya kahawia iliyomo kwenye losheni zenye rangi ya ngozi. Mtu aliyepaka losheni nyeupe miaka miwili na madoa yako pale pale, mara nyingi tatizo ni hilo. Na rangi hiyo hiyo ndiyo inayoficha chokaa ya zinki, kwa hiyo unatatua mambo mawili kwa tyubu moja.

Kwa mwenye ualbino hesabu hii yote haimhusu. Hana melanini ya kutosha kumsaidia, na kwake kofia pana, mikono mirefu, kivuli na losheni kila siku ni suala la uhai.

Mkononi sasa

Losheni ndiyo kinga ya mwisho, ya kuziba palipobaki. Kivuli na nguo hutangulia. Shati lililofumwa kwa kubana halichakai baada ya saa mbili na halihitaji kupimwa kwa gramu. Kujua kama jua la leo ni kali, tazama kielezo cha UV kwenye programu ya hali ya hewa: Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kuanzia 3, na 11 kwenda juu ni hatari kupita kiasi. Huna simu karibu? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali.

Kwa uso na shingo, chora mistari miwili ya losheni kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha. Itaonekana nyingi kupita kiasi, na hiyo ndiyo dalili kwamba imetosha. Igawe mara mbili: paka mstari mmoja, subiri dakika chache, paka wa pili. Tabaka la pili huziba mianya ya la kwanza, na weupe hupungua. Mwili mzima, kwa kipimo cha ukarimu, ni kama vijiko saba vya chai: kimoja cha uso, shingo na masikio, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka ili tabaka likauke na kushika. Sehemu zinazosahaulika ni zile zile kila siku: masikio, kope, mstari wa njia ya nywele, kisogo, juu ya nyayo, midomo.

Usiichanganye na fondesheni kiganjani. Unavuruga tabaka ambalo mtengenezaji alilipima. SPF za bidhaa mbili hazijumlishwi pia, 15 ya poda na 30 ya losheni haziwi 45. Losheni za kujitengenezea nyumbani kwa mafuta na unga wa zinki sizishauri kabisa. Unga hujikusanya vidonge vidonge ambavyo jicho halivioni, na kati ya kidonge na kidonge jua linapita.

Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na kila utokapo majini. Losheni inayohimili maji kwa kawaida imepimwa kwa dakika 40 au 80, na chupa itakuambia ni ipi. Isiyoingiza maji kabisa haipo, na Marekani ilikataza maneno hayo kwenye chupa tangu 2011. Ukishinda ndani mbali na dirisha, ya asubuhi inatosha. Anayemeza doksisaiklini awe mwangalifu zaidi, dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi. Mtoto chini ya miezi sita mweke kivulini na umvike, losheni imsubiri.

Je, kazi yote hii inaleta faida? Swali hilo lilijibiwa Nambour, mji wa Queensland, Australia. Kuanzia 1992 hadi 1996 wakazi 1,621 waligawanywa kwa kura: nusu walitakiwa wapake kila siku kichwani, shingoni na mikononi, nusu wakaendelea na mazoea yao. Saratani ya seli bapa, aina nyingine ya saratani ya ngozi, ilipungua kwa takribani asilimia 40 katika kundi la kwanza. Miaka kumi baada ya jaribio kwisha, melanoma mpya zilikuwa 11 kwao na 22 kwa wenzao. Losheni waliyopewa ilikuwa SPF 16 tu, ya teknolojia ambayo leo wengi wangeibeza.

Kuhusu tyubu yangu, nimeandika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino mzito. Ni ya mililita 50. Kwa gramu 1.2 kila asubuhi inapaswa kuisha ndani ya wiki sita hivi, na wiki tatu nikirudia mchana. Iliyotangulia ilinidumu miezi mitano, nami nilikuwa nikiisifia kwa kutoisha haraka.